Mpoland aliyetuachia mofimu: maisha na kazi ya Jan Baudouin de Courtenay

Mwanafunzi wa kidato cha tano akipewa neno "anayempikia" na kuambiwa alichanganue, hutafuta mofimu zake, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, kimoja baada ya kingine: a- ya nafsi, -na- ya wakati, -ye- ya urejeshi, -m- ya mtendwa, mzizi -pik-, -i- ya kutendea, na -a ya kumalizia. Istilahi hiyo, mofimu, imo katika vitabu vya sarufi vya Tanzania na Kenya, na wengi wetu tuliikariri kana kwamba ilikuwapo tangu sarufi ilipoanza. Ina mwenyewe. Iliundwa karibu mwaka 1880 na Mpoland aliyekuwa akifundisha Kazan, mji wa Urusi ulio kando ya mto Volga. Aliitwa Jan Baudouin de Courtenay, bingwa wa lugha za Kislavi, na ndiye pia aliyeipa istilahi ya "fonimu" maana iliyoifanya iwe msingi wa isimu, yaani sayansi ya lugha, ya karne ya 20.

Kumweleza mtu huyu si kazi nyepesi. Jina lake ni la Kifaransa, kabila lake Mpoland, na alizaliwa wakati Poland haimo kwenye ramani. Sehemu kubwa ya maisha yake alifundisha kwa Kirusi. Wazo lake kubwa hutajwa mara nyingi pamoja na majina ya watu wengine. Na akiwa na miaka 77, mwanaisimu huyu alipendekezwa kuwa rais wa nchi. Ukimsoma kipande kipande utadhani ni watu watatu au wanne. Mimi naona uzi mmoja unapita humo mote: aliamini kwamba lugha haina makao popote pengine ila katika kichwa cha mtu mmoja mmoja anayeisema. Imani hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye fonimu, na ndiyo iliyomfikisha gerezani.

Msomi asiye na nchi

Alizaliwa tarehe 13 Machi 1845 katika mji mdogo wa Radzymin, karibu na Warsaw. Mababu zake walihama kutoka Ufaransa karne ya 18, na kufikia kizazi chake Ufaransa ilikuwa imebaki kwenye jina tu. Tangu 1795 Poland ilikuwa imegawanywa na majirani zake watatu, Urusi, Prussia na Austria. Warsaw ilikuwa chini ya Tsar, mfalme wa Urusi.

Mwaka 1862 Warsaw ilifunguliwa chuo kilichoitwa Szkoła Główna, kikifundisha kwa Kipoland, na kijana Jan akajiunga. Januari 1863 Wapoland wakaasi dhidi ya Urusi. Uasi ulizimwa, na adhabu ikaja polepole kupitia shule na ofisi: 1869 chuo kile kilifungwa na mahali pake kikawekwa chuo kikuu cha Kirusi. Baudouin alikuwa ameshahitimu 1866, lakini mlango wa kufundisha katika nchi yake ulikuwa umefungwa kwa Mpoland wa aina yake. Jambo hili lazima lishikwe mapema, maana bila hilo mtu atajiuliza kwa nini msomi wa Kislavi alizunguka vyuo vya watu wengine kwa nusu karne.

Alikwenda kusoma Prague, Jena na Berlin. Huko Jena alikuwapo August Schleicher, mwanaisimu mkubwa wa wakati huo, aliyefundisha kwamba lugha ni kiumbe hai: huzaliwa, hukua, huchanua, kisha hunyauka na kufa kama mmea. Mafundisho hayo yalipendwa kwa sababu yaliifanya isimu ionekane kama sayansi ya asili. Baudouin aliyasikiliza na kuyakataa. Mmea una mizizi yake ardhini hata kama hakuna anayeutazama. Lugha ambayo hakuna anayeisema wala kuikumbuka haipo.

Mwaka 1868, akiwa na miaka 23, alichapisha makala kwa Kijerumani kuhusu nguvu ya kufananisha katika minyambuliko ya majina ya Kipoland, na hoja yake ikaelekea pale pale. Wataalamu wa siku zile walieleza mabadiliko ya lugha kwa kanuni za sauti: sauti fulani katika mazingira fulani hugeuka kuwa nyingine. Baudouin alionyesha kwamba maumbo mengi hayakutokana na sauti kugeuka bali na wasemaji kufananisha. Mtu ana mamia ya maneno yenye muundo fulani kichwani, akikutana na neno lisilofuata muundo huo hulivuta liungane na mengine. Sisi tumefanya hivyo kwa "kitabu". Kwa Kiarabu ki- ya neno hilo ni sehemu ya mzizi na wingi wake ni "kutub", lakini sikio la Mswahili lilisikia ki- ya kiti na kisu, likatoa "vitabu". "Kipilefti" cha barabarani nacho kikazaa "vipilefti" kwa njia hiyo hiyo. Hapakuwa na kanuni ya sauti, palikuwa na akili ya watu ikipanga vitu vyake. Leo jambo hili linafundishwa mwaka wa kwanza wa chuo. Mwaka 1868 kulitilia uzito namna hiyo kulikuwa kuwatangulia hata Wajerumani waliokuja kujulikana kwa hoja hiyo miaka kumi baadaye.

Mwaka 1870 alipata udaktari Leipzig, na mwaka huo huo akatetea tasnifu Saint Petersburg kuhusu Kipoland cha kabla ya karne ya 14. Kazi hiyo haikuwa rahisi kama inavyosikika. Kipoland cha zama hizo hakikuacha vitabu. Kilichobaki ni majina ya watu na ya mahali yaliyotawanyika ndani ya hati za Kilatini. Waraka wa Papa wa mwaka 1136 kwa askofu mkuu wa Gniezno, kwa mfano, una majina ya Kipoland yapatayo 410. Makarani walikuwa na alfabeti ya Kilatini isiyo na herufi za sauti nyingi za Kipoland, wakawa wanabahatisha: sauti moja inaandikwa kwa namna tatu, na herufi moja inabeba sauti nne. Aliyetaka kusikia Kipoland cha kale humo ilimbidi kwanza atenganishe herufi na sauti akilini mwake. Katika enzi ambayo wasomi wengi walisema "herufi" wakimaanisha sauti, zoezi hilo lilimnoa vizuri.

Bonde la Resia

Kaskazini-mashariki mwa Italia, katika jimbo la Friuli, chini ya mlima Canin, liko bonde dogo liitwalo Resia. Watu wake ni Waslavi waliozungukwa na wasemaji wa Kifriuli na Kiitaliano, na milima iliwatenga na Waslovenia wenzao upande wa pili. Baudouin alifika huko 1873, akarudi tena miaka ya baadaye. Hakwenda kutafuta hati za zamani. Alikwenda kuwasikiliza watu.

Kwa mwanafilolojia wa karne ya 19 hiyo ilikuwa hatua ya pekee. Heshima ya kisomi ilikuwa kwenye maandishi ya kale, si kwenye kinywa cha mchungaji wa mbuzi. Baudouin alisisitiza kwamba mwanaisimu aanze na lugha hai, inayosikika leo, ndipo aende kwenye zilizokufa, kama ambavyo mtu hawezi kuelewa mifupa iliyochimbwa ardhini bila kwanza kujua mnyama aliye hai. Alikaa na watu wa vijiji mbalimbali vya bonde hilo, akaandika vitendawili, hadithi na mazungumzo yao kwa alama alizozibuni ili asipoteze tofauti yoyote. Aligundua kwamba hata bonde dogo kama lile halina lahaja moja. Kila kijiji kina lafudhi yake, ndiyo maana kichwa cha tasnifu yake ya 1875 kinazungumzia lahaja za Resia kwa wingi.

Kilichomshangaza zaidi ni irabu. Waresia wana irabu za kawaida na irabu nyingine zenye mlio mzito, wa giza, na irabu za neno moja huelekea kukubaliana: irabu yenye mkazo huvuta wenzake wafanane nayo. Lugha nyingine za Kislavi hazifanyi hivyo, ila lugha za jamii ya Kituruki zinafahamika sana kwa upatanifu wa irabu. Baudouin akapendekeza kwamba huenda mababu wa Waresia walichanganyika na watu wa asili hiyo. Wataalamu waliomfuata hawakukubali dhana hiyo. Wanaona irabu za Resia zilijizalia zenyewe ndani ya bonde. Maelezo yake ya kilichosikika, hata hivyo, ni ya makini kiasi kwamba kila anayeichunguza Resia leo bado anaanzia kwake.

Hili la kuchanganyika halikumtoka. Miaka mingi baadaye, mwaka 1901, alichapisha mhadhara uliodai kwamba lugha zote duniani ni mchanganyiko, hakuna iliyo safi. Resia ilimwonyesha Kislavi kikiishi na Kifriuli na Kiitaliano. Kazan ingemwonyesha Kirusi kikiishi na Kitatari na Kichuvash. Kwao Poland aliona Kipoland, Kiyidi cha Wayahudi, Kilituanya, Kibelarusi na Kijerumani katika soko moja. Kila msemaji wa lugha mbili ni mahali ambapo lugha hizo zinagusana. Wako watu mpaka leo wanaokitazama Kiswahili kwa jicho la dharau kwa sababu ya maneno yake ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza. Baudouin angewaambia wamwonyeshe lugha yao isiyo na mgeni ndani yake.

Kazan na kijana Kruszewski

Nafasi ya kufundisha aliipata mbali, Kazan, akawa profesa huko tangu 1875 hadi 1883. Kwa msomi wa Ulaya Kazan ilikuwa pembeni mwa dunia. Kwa Baudouin pakawa pahali pazuri kuliko pote alipowahi kuwa. Mji ulikuwa na Warusi na Watatari, vijijini kuna Wachuvash na Wamari, na Wilhelm Radloff, bingwa wa lugha za Kituruki, naye alikuwa akifanya kazi hapo. Baudouin alikusanya wanafunzi wachache nyumbani kwake jioni, wakajadiliana mpaka usiku. Kikundi hicho ndicho kiitwacho Shule ya Kazan.

Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Mpoland mwenzake, Mikołaj Kruszewski, mzaliwa wa Łuck. Kwa ufukara Kruszewski alifundisha miaka kadhaa katika shule ya mji wa mbali wa Troitsk, akidunduliza fedha za kwenda Kazan. Alifika 1878. Mwaka 1881 aliandika kijitabu kwa Kijerumani juu ya mabadilishano ya sauti, majarida ya Ujerumani yakakikataa, akakichapisha mwenyewe. Humo ndimo alipoichukua istilahi ya "fonimu" na kuanza kuitumia kwa namna mpya. Muda si mrefu maradhi ya mishipa ya fahamu yalimshika, akaacha kufundisha, na mwaka 1887 akafariki kabla hajatimiza miaka 36.

Baudouin aliandika taazia ndefu ya mwanafunzi wake, na taazia hiyo inauma kuisoma. Ilipunguza mno ukubwa wa kazi ya Kruszewski. Kwa upande mwingine, katika kitabu chake kikuu cha 1894 anakiri wazi kwamba istilahi na sehemu ya wazo ilitoka kwa kijana huyo. Wanahistoria wa isimu leo wanampa Kruszewski nafasi yake kando ya mwalimu wake, na kwa maoni yangu ndivyo haki inavyotaka.

Sauti ya mdomoni na sauti ya kichwani

Sasa tufike kwenye fonimu yenyewe, maana hapa ndipo wasomaji wengi hupotea.

Tamka ndizi, njia, ngoma. Katika ndizi ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno. Katika njia ulimi umerudi nyuma kidogo. Katika ngoma ncha haigusi kitu. Sehemu ya nyuma ya ulimi ndiyo inayopanda juu. Ukipima kwa mashine utapata sauti tatu tofauti. Mwulize Mswahili yeyote atakwambia zote zinaanza na n. Tena, hata ukisema ndizi mara mia, hakuna mara mbili ambapo hewa, ulimi na sauti vitalingana sawasawa.

Basi hiyo n moja iko wapi? Mdomoni haipo, mdomoni zipo nyingi zisizo na hesabu. Hewani haipo. Jibu la Baudouin lilikuwa kwamba ipo akilini. Kutokana na kusikia na kutamka mara nyingi, akili huyeyusha hisia hizo zote kuwa picha moja ya kudumu. Picha hiyo ndiyo fonimu. Akagawa elimu ya sauti mafungu mawili: moja linachunguza sauti kama tendo la mwili, jingine linachunguza sauti kama kitu cha nafsi. Mgawanyo wa fonetiki na fonolojia tunaoufundisha leo una asili yake hapo.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba tofauti ndogo ya sauti inaweza kuwa kubwa akilini. Kura na kula, mahari na mahali: kwa Mswahili r na l hubeba maana mbili, kwa hiyo ni fonimu mbili. Kwa jirani yake ambaye lugha mama yake haizitofautishi, sauti zote mbili anaweza kuzitoa bila kujua ameitoa ipi. Masikio ya wote wawili ni mazima. Vichwa ndivyo vilivyopangwa tofauti.

Baudouin hakuishia kwenye sauti moja moja. Alichotaka kujua ni kwa nini sauti hubadilishana ndani ya maneno ya ukoo mmoja. Kwa Kipoland mkate ni chleb, na ile b ya mwisho hutamkwa p. Ukisema chleba, "ya mkate", b inarudi. Mpoland hajifunzi hilo shuleni, kinywa chake chenyewe hakikubali b mwishoni mwa neno. Lakini ręka, mkono, hugeuka ręce katika maumbo mengine, k ikawa c inayosikika kama "ts", na hilo haliletwi na kinywa, kwa kuwa Mpoland anaweza kutamka k mbele ya irabu hiyo bila taabu.

Tunayo mambo hayo hayo nyumbani. Ubao, wingi wake mbao: Kiswahili hakina "nb", midomo inapojiandaa kwa b, ile n hugeuka m yenyewe. Sasa tazama pika na mpishi, andika na mwandishi, linda na mlinzi, penda na mpenzi, fuata na mfuasi. Mtu atasema k imekuwa sh kwa sababu ya i inayofuata. Ikiwa ndivyo, mbona "pikia" na "andikia" hazibadiliki? Hapo pana i vilevile, na k imetulia. Wataalamu wa Kibantu wanaeleza kwamba zamani sana palikuwa na irabu mbili zilizokaribiana, moja ikiwa ya juu na finyu zaidi, na hiyo ndiyo iliyobadilisha konsonanti iliyoitangulia. Baadaye zikaungana kuwa i moja. Sababu ilitoweka, matokeo yakabaki, na matokeo hayo yakapata kazi mpya: leo sh ya mpishi inasaidia kutambulisha mtenda.

Huo ndio moyo wa nadharia aliyoichapisha Kraków 1894 kwa Kipoland na Strasbourg 1895 kwa Kijerumani. Kuna mabadilishano yanayosababishwa na utamkaji wa leo, na kuna yaliyorithiwa, ambayo sababu zake zimekufa huku yenyewe yakiendelea kuishi kwa mapokeo au kwa kupewa kazi ya kisarufi. Katika lugha ya siku moja, basi, zimo tabaka za zama mbalimbali zikifanya kazi pamoja, na mwanaisimu lazima ajue anaposema habari za leo na anaposema habari za jana. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu Mswisi aliyekuja kusifiwa duniani kote kwa kutenganisha mambo hayo mawili, alikutana na Baudouin Paris mwishoni mwa 1881, wakaandikiana barua, na katika maandishi yake binafsi alimtaja yeye na Kruszewski kuwa walikaribia kuliko wote kuitazama lugha kinadharia.

Istilahi ya fonimu ina safari yake. Ilianza Paris 1873 kwa A. Dufriche-Desgenettes, ikimaanisha sauti ya lugha tu. Saussure aliitumia 1879, Kruszewski akaitoa humo, Baudouin akaipa nafsi. Mwanafunzi wake Lev Shcherba aliiboresha 1912. Mpoland mwingine, Tytus Benni, aliipeleka kwa mtaalamu wa fonetiki Daniel Jones wa London, na Jones alikuwa mmoja wa walioshiriki kuandaa mwongozo wa kuandika lugha za Kiafrika uliotolewa London 1927, uliojengwa juu ya kanuni kwamba alama ziwakilishe fonimu, si kila mlio unaopita mdomoni. Kisha katika miaka ya 1930 mwanaisimu Mrusi Nikolai Trubetzkoy akaitoa fonimu akilini kabisa. Kwake fonimu ni kitu cha mfumo, kipimo chake ni kutofautisha maana, na akamlaumu Baudouin kwa kuingiza saikolojia mahali isipotakiwa.

Kama chombo cha kazi, kipimo cha Trubetzkoy ni bora; ndicho nilichokitumia kwa kura na kula. Ila swali la Baudouin lilibaki pale pale: msemaji ana nini kichwani? Wanasaikolojia wa lugha wanalichunguza leo katika maabara, kwa watoto wachanga na kwa watu waliopooza. Yeye mwenyewe alilichunguza kwa njia aliyokuwa nayo. Alipokuwa profesa Dorpat, mji ambao leo ni Tartu wa Estonia, tangu 1883 hadi 1893, watoto wake walikuwa wadogo, akawa anaandika wanavyotamka, wanavyokosea na wanavyobuni maneno. Madaftari hayo yalitolewa 1974, na ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za aina yake. Mkewe wa pili, Romualda Bagnicka, alikuwa mwanahistoria na mtetezi wa haki za wanawake, na binti yao Cezaria akaja kuwa profesa wa ethnolojia, elimu ya tamaduni za watu.

Mtu achague taifa lake

Mwaka 1893 alihamia Kraków, iliyokuwa chini ya Austria, akafundisha kwa Kipoland katika chuo kikuu cha Jagiellonian. Ilikuwa kama kurudi nyumbani. Hakudumu, misimamo yake ya kisiasa iliwachosha wakubwa, na mkataba wake haukuongezwa. Kuanzia 1900 akawa Saint Petersburg.

Humo alilea kizazi cha Shcherba, Yevgeny Polivanov na Lev Yakubinsky. Humo pia alihariri toleo la tatu la kamusi kubwa ya Kirusi ya Vladimir Dal, lililotoka kati ya 1903 na 1909. Aliongeza maneno yapatayo 20,000, yakiwamo ya siasa na ya matusi. Wenye kujali adabu walikasirika. Msimamo wake ulikuwa wazi: kamusi ni kumbukumbu ya yanayosemwa, na mhariri hana ruhusa ya kuwanyima watu maneno waliyo nayo. Wasovieti walipoichapa kamusi hiyo 1955 walirudi kwenye toleo la pili, lisilo na nyongeza zake.

Mtu anayefikiri kwamba lugha iko ndani ya kila mtu hawezi kukubali kwamba serikali, kanisa au taifa lina miliki ya lugha ya mtu. Baudouin aliona hivyo na akayasema hadharani. Aliwatetea Waukraine, Walituanya na Wayahudi ndani ya milki ya Urusi. Mwaka 1911 aliandika dhidi ya wasomi wa Kipoland waliojiita wapenda maendeleo huku wakiwachukia Wayahudi. Aliwakera Warusi kwa kudai haki za Wapoland, akawakera Wapoland kwa kudai haki za wengine.

Mwaka 1913 alitoa kijitabu juu ya utaifa na eneo katika utawala wa ndani. Hoja yake ilikwenda mbali kuliko ya wanasiasa wengi wa enzi ile. Taifa la mtu, alisema, si suala la damu wala la mahali alipozaliwa. Ni la dhamiri yake. Mtu ana haki ya kujihesabu wa taifa fulani, au wa mataifa mawili kwa pamoja, au asiwe wa taifa lolote, na hakuna mwenye mamlaka ya kumwandikisha kwa nguvu. Serikali ya Tsar ilimshtaki. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, akakaa gerezani miezi michache mwaka 1914. Alikuwa na miaka karibu 70.

Vita vikaisha, milki tatu zikaanguka, Poland ikarudi kwenye ramani Novemba 1918. Baudouin akaenda Warsaw, chuo kikuu kikampokea kama profesa wa heshima. Nchi mpya ilikuwa na raia wasio Wapoland takriban theluthi moja: Waukraine, Wayahudi, Wabelarusi, Wajerumani. Wabunge wao waliungana, na rais wa kwanza alipotakiwa kuchaguliwa na Bunge la Taifa, tarehe 9 Desemba 1922, jina walilolileta lilikuwa la mzee huyu wa isimu. Wapoland wachache sana wangekubalika kwa makundi hayo yote, na huo peke yake ni ushahidi wa alivyoishi.

Duru ya kwanza hesabu ilikuwa hivi: Maurycy Zamoyski wa upande wa kulia 222, Stanisław Wojciechowski 105, Baudouin de Courtenay 103, Gabriel Narutowicz 62, Ignacy Daszyński 49. Duru ya pili wabunge wa makabila madogo waliona hawezi kushinda, wakahamisha kura, naye akabaki na 10. Duru ya tano Narutowicz alimshinda Zamoyski kwa 289 dhidi ya 227, kwa msaada wa kura hizo hizo. Magazeti ya wazalendo wakali yakapiga kelele kwamba Poland imepewa rais na Wayahudi. Tarehe 16 Desemba, siku tano baada ya kuapishwa, Narutowicz alipigwa risasi na mchoraji Eligiusz Niewiadomski ndani ya jumba la sanaa la Zachęta, akafa. Baudouin alikuwa ameonya kwa miaka mingi juu ya chuki iliyofanya hayo.

Aliendelea kuandika. Mwaka ule ule wa 1922 alitoa muhtasari wa historia ya Kipoland, na uliofuata akaandika tena kuhusu Wayahudi katika dola ya Poland. Alifariki Warsaw tarehe 3 Novemba 1929. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kuliacha Kanisa Katoliki, alizikwa katika makaburi ya Wakalvini.

Kazi zake zilibaki zimetapakaa. Aliandika kwa Kipoland, Kirusi na Kijerumani, pia kwa Kislovenia, Kifaransa na Kiitaliano, mara nyingi katika vijitabu na majarida ya miji ya mbali, na hakuwahi kukaa akakusanya mawazo yake yote katika kitabu kimoja. Saussure alikuwa na wanafunzi waliomfanyia hivyo baada ya kufa. Baudouin hakuwa nao. Warusi walitoa majuzuu mawili ya maandishi yake teule 1963, Waingereza na Wamarekani wakapata mkusanyo wa tafsiri 1972, na Poland yenyewe ilianza kuyachapa majuzuu yake sita 1974, ikayamaliza 1990.